Mhariri, kaka yangu hahesabu vijiti

Mhariri, salamu. Mi msomaji wenu wa siku nyingi sana ila sijawahi kuandika barua hata siku moja, leo naandika kwenye simu kwa kidole kimoja na mpwa wangu ndo atawatumia, kwahiyo mkikuta herufi zimerukana msinicheke.

Ni ile makala yenu ya Jumapili kwenye ukurasa wa muvi za zamani. Mwandishi wenu kaisifia Rain Man, muvi ya mwaka 1988 iliyoongozwa na Barry Levinson, Dustin Hoffman na Tom Cruise wakiwa ndugu wawili, kasema ilibeba Oscar 4, ya muvi bora, ya mwongozaji, ya Hoffman na ya walioiandika, yote hayo kweli, sina ugomvi nae. Ugomvi wangu uko kwenye mistari yake ya mwisho pale alipoandika kwamba ni kisa cha kweli cha mtu mwenye usonji (autism, hali ya ubongo ya toka utotoni inayomfanya mtu aongee na ahusiane na watu kwa namna tofauti) na kwamba watu hawa ni majiniasi waliojificha, mzazi kazi yake ni kutafuta tu kipaji kimekaa wapi. Mhariri, mi nina kaka mwenye usonji, amevuka miaka 60, naishi nae hapa Ngamiani Tanga. Jumatatu asubuhi, yani siku moja baada ya gazeti lenu, kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu kaja kubisha hodi na mkeka wake, anataka Kaka amchagulie timu za kubeti. Nikamwambia huyu hajui hata Simba anacheza na nani. Hakuniamini, akaona nambania.

Sasa kwa wasioijua hiyo muvi. Kuna jamaa anaitwa Charlie Babbitt, ndo Tom Cruise, yuko Los Angeles anauza magari ya kifahari, Lamborghini nne zimekwama kwa sababu hazijapita vipimo vya moshi, madeni yamemfika shingoni. Anapigiwa simu baba yake kafariki huko Cincinnati, baba ambae walikuwa hawaongei miaka na miaka, na kisa cha kutoongea ni gari, Buick ya mwaka 1949 ambayo mzee alikuwa hamruhusu kuigusa, kijana akaichukua siku moja akaenda kuwaringishia wenzie, mzee akaripoti polisi imeibiwa, mtoto akalala ndani siku mbili huku wenzie wametolewa na wazazi wao. Akatoka pale akaondoka nyumbani moja kwa moja. Wosia unasomwa, Charlie anaachiwa hiyo hiyo Buick na maua ya waridi ya bustanini. Dola milioni 3 zimeenda kwa mtu asiyemjua. Anafuatilia mpaka anafika kwenye kituo cha kutunzia watu kinaitwa Walbrook na ndo anamkuta Raymond, ndo Hoffman, mwenye usonji, kaka yake wa damu, mkubwa kwake, ambae hajawahi kuambiwa kwamba yupo duniani.

Charlie anamchukua kaka yake kama rehani, apewe nusu ya zile hela. Anataka wapande ndege warudi Los Angeles, Raymond anagoma, kila shirika anataja ajali yake, anakubali Qantas peke yake maana anasema hiyo haijawahi kuanguka. (Muvi ilipokuja kuonyeshwa kwenye ndege mashirika mengi yalikata hicho kipande, Qantas wakakiacha, japo wenyewe nao waliwahi kupoteza ndege miaka ya nyuma kabla ya jeti.) Basi wanaenda kwa gari, tena sio barabara kuu, tena mvua ikinyesha Raymond hatoki nje, na saa ya kipindi chake cha mahakama kwenye tivii ikifika lazima tivii ipatikane hata kama ni kwa kubisha nyumba ya mtu.

Watu wanachokumbuka ni vitu viwili. Vile vijiti vya meno vilivyomwagika sakafuni Raymond akaangalia mara moja akasema 246, na kweli boksi lilikuwa la 250 na mhudumu akakuta vinne vimebaki ndani. Na kasino, pale Las Vegas, Charlie anamvalisha suti kaka yake anamuweka kwenye meza ya karata, Raymond anazikumbuka zote zilizotoka, wanabeba hela za kulipa deni. Mwandishi wenu kajaza nusu ya makala kwa hivo viwili. Simlaumu sana, mi mwenyewe nilipiga makofi hapo hapo.

Niliiona mwaka 1991, Magomeni, kwenye kibanda cha video, kanda imeshachakaa picha ina mistari, benchi limejaa. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule naanza kazi ya kushika bunduki ya grisi kwa fundi, baadae ndo nikaingia kwenye spea Kariakoo, kwahiyo Charlie aliuza Lamborghini na mi nikauza bushi za Peugeot, tofauti ndogo tu. Raymond alivotokea kwa mara ya kwanza, ile kutembea kwake kwa hatua fupi fupi kichwa kimeinama upande, macho hayakai usoni kwa mtu, kuyumba yumba akisimama, mi nikahisi tumbo limepoa. Yule alikuwa Kaka. Kibanda kizima kilicheka, nikacheka nao, tena kwa sauti. Kwenye lile benchi hakuna aliyejua kwamba nina kaka. Toka naanza bodingi nilikuwa najiandika mtoto wa kwanza.

Hapa ndo nataka mwandishi wenu anielewe. Waliomficha Charlie habari za Raymond walikuwa wazazi, Charlie alikuwa hajui. Mi nilijua. Huyo Raymond nilimuacha uani mwenyewe nikapanda basi.

Nyumbani wakati ule neno usonji halikuwepo, angalau mtaani kwetu halijafika. Walikuwa wanamuita taahira, wengine zezeta, wengine wakasema katupiwa kitu, Mama alizunguka nae kwa waganga mpaka Pangani akachoka. Shule moja walimpokea wiki mbili wakamrudisha na kikaratasi. Hata leo ukienda kueleza mtu anakwambia aah, mtindio wa ubongo, ukimwambia ni kitu kingine anakuona unajitia daktari. Wakati daktari Leo Kanner kule Baltimore aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, yani hata Kaka hajazaliwa, hata Baba hajaoa. Ilikuwa imeshaandikwa zamani, ila njia ya kutoka Baltimore mpaka Ngamiani ndo ndefu.

Na sasa twende kwenye hicho kisa cha kweli. Aliyeandika hadithi ya muvi, Barry Morrow, alikutana mwaka 1984 na mtu anaitwa Kim Peek wa Salt Lake City, na huyo ndo aliyempa wazo. Kim alikuwa na kumbukumbu ya kutisha, wanasema alikuwa na vitabu kama 12,000 kichwani, kurasa mbili anazisoma kwa mpigo jicho hili ukurasa huu na jicho lile ukurasa ule. Lakini Kim Peek hakuwa na usonji! Alizaliwa bila ile sehemu inayounganisha nusu mbili za ubongo, tatizo lake lilikuwa lingine kabisa. Waliotengeneza muvi wakachukua ile kumbukumbu ya Kim, Hoffman akaenda kukaa na watu wenye usonji hasa akajifunza wanavotembea na kuongea, wakavichanganya akatoka Raymond. Sawa, muvi ni muvi, pilau haliulizwi kila kiungo kimetoka duka gani. Ila mtu akilila halafu akasema wenye usonji wote wako hivi, hapo ndo tunaanza kuletewa mikeka ya kubeti mlangoni.

Wataalamu wengi wakitaja wenye usonji waliojaliwa vipaji vya namna hiyo husema ni kama 1 kati ya 10, na hata hao wengi ni vitu vya kawaida, kushika tarehe za kuzaliwa za watu, kujua namba za mabasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu mwenyewe kwa mtaa wenu Mhariri, utaona wako wangapi na utajiuliza mbona huwaoni. Wengine wanaongea vizuri tu na wana kazi zao, wengine hawatoi neno mpaka wanazeeka. Kaka yuko katikati hapo.

Kitu ambacho mwandishi wenu kakiruka, na mi naona ndo habari yenyewe, ni kwamba Kim Peek hakuishi kwenye Walbrook yoyote. Alivokuwa mtoto madaktari waliwashauri wazazi wakampeleke kwenye kituo, wakakataa. Alikaa na baba yake, Fran, na baada ya wazazi kuachana mzee ndo akabaki nae. Mtu mwenye vitabu 12,000 kichwani alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Baba yake alimvalisha, alimnyoa, mpaka Kim anafariki Desemba 2009 akiwa na miaka 58. Ile Oscar Morrow alimpa Kim awe anatembea nayo na watu kwenye mikutano wakawa wanaishika wanapiga nayo picha. Watu wanauliza kuhusu vitabu. Mi nikisoma habari zake nauliza vifungo. Kila asubuhi mara ngapi hiyo, vifungo saba kwa siku, kwa miaka 50 na zaidi, hesabu hiyo ndo angetakiwa Raymond atufanyie.

Kaka pia hafungi vifungo. Anavaa kanzu. Anapenda ile moja ya rangi ya maziwa, ikifuliwa anakaa karibu na kamba mpaka ikauke, kwahiyo nimenunua tatu zinazofanana, na hilo sikulijua mi, ni Mama alilijua zamani. Samaki asiguse ugali. Pikipiki isiyo na ekzosi ikipita anaziba masikio anajifungia chooni. Visoda vya chupa anavipanga ukutani kwa rangi, msichana wa kazi akivifagia siku hiyo hatulali. Havihesabu, nimeshamuuliza, anavipenda tu.

Ila kuna kitu kimoja. Raymond akiogopa anarudia rudia yale mazungumzo ya wachekeshaji wa zamani wa kwao, yale yale bila kubadilisha, na Charlie mwanzo anadhani anamkera makusudi. Kaka alikulia chini ya redio ya Baba, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na alichokishika yeye ni matangazo ya vifo. Wa rika langu mnakumbuka yalivokuwa, fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha nani, kilichotokea wapi, halafu habari ziwafikie fulani wa Muheza, fulani wa Mombasa, ndugu jamaa na marafiki popote walipo. Akishtuka, akisikia kelele, mgeni akiingia, anaanza na sauti ile ile ya mtangazaji. Wageni walikuwa wanakimbia jamani. Kuna mama mmoja alieneza mtaani kwamba mtoto yule anatabiri vifo, na kuna watu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mi nilikuwa nikimchukia hapo, hapo hasa.

Baba alifariki mwaka 2006. Nikaja Tanga na nguo za siku nne. Baada ya arobaini likaja la mirathi, nyumba ya vyumba sita na kashamba ka minazi, warithi ni Mama na thumni yake, Dada, Kaka na mimi. Kisheria ya dini fungu la Kaka lilikuwa sawa na langu senti kwa senti, hakuna mahali pameandikwa asiyejua bei ya mkate asirithi. Kwenye kikao cha ukoo Baba Mdogo akasema huyu hela atazifanyia nini, apewe mdogo wake amshikie. Mi biashara Kariakoo ilikuwa imeyumba, nina mkopo. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndo kukaandikwa kwenye muhtasari kwamba nimekubali. Kwenye muvi kuna daktari anamuuliza Raymond bei ya pipi anasema dola 100, bei ya gari dogo jipya anasema dola 100, yani namna ile ile, huyu hajui kitu. Nilikuwa nimeiona hiyo muvi miaka 15 kabla na wala haikunijia kichwani.

Mahakama ya Mwanzo hakimu akasoma muhtasari akauliza warithi wako wanne naona watatu, wa nne yuko wapi. Baba Mdogo akaanza kueleza, hakimu akasema nataka nimuone. Ikabidi nimlete. Feni ya pale ilikuwa inapiga kelele ya chuma, nikajua tayari. Kaka akasimama katikati ya chumba akaanza na ile sauti. Akatangaza kifo cha Baba, jina kamili, mahali, siku, akasema habari ziwafikie, akataja wa Muheza, wa Korogwe, akamaliza na jina langu, wa Dar es Salaam, popote alipo.

Nilidhani kaliongeza siku ile kwa sababu ya msiba. Mama ndo akaniambia tukiwa njiani kurudi, wala hakuniangalia, akasema jina lako lipo kwenye orodha yake toka ulivoondoka, kila tangazo, hata la mtu asiyemjua, mwisho unakuja wewe. Miaka zaidi ya 15 kila akiogopa alikuwa ananitumia habari. Charlie nae kuna usiku hotelini anagundua yule mtu wa kufikirika aliyekuwa anamuimbia akiwa mdogo, Rain Man, kumbe ni Raymond, ulimi wa kitoto tu ulikuwa unalikosea jina, na kwamba waliondoa kaka mtu nyumbani kwa kuogopa atamuumiza mtoto na maji ya moto. Hiyo sehemu kibandani nadhani nilikuwa nimetoka kununua karanga. Nimeiona vizuri baadae sana.

Sasa mwandishi wenu asije akasema aah, basi hicho ndo kipaji chake. Sio kipaji. Anakumbuka matangazo kama wengine mnavokumbuka matangazo ya sabuni.

Fungu la Kaka lipo kwa jina lake, kodi ya vyumba viwili, nimeandikwa msimamizi na hesabu nilipeleka mahakamani, hilo liishe.

Mwisho wa muvi watu wengi hawaupendi. Charlie anapewa ofa ya dola 250,000 akae pembeni, anakataa, hela hazitaki tena anamtaka kaka yake. Halafu asubuhi Raymond anaweka chakula kwenye mashine jikoni, moshi unatoka, kengele ya moto inalia, anachanganyikiwa anajipiga piga na mlango, na Charlie anahangaika kuizima. Wanaenda kwa daktari, Raymond anaulizwa unataka kukaa na ndugu yako, ndiyo, unataka kurudi Walbrook, ndiyo. Anapanda treni anarudi, Charlie anaahidi atakuja kumuona baada ya wiki mbili. Msichana wangu aliiona akalia akasema Charlie kamtupa. Mi naona pale walikuwa wakweli kuliko kwenye vijiti. Kumpenda mtu hakuzimi kengele. Kengele inataka mtu wa kuizima saa 24, na Charlie ana kazi, ana mchumba, ana usingizi.

Ila yeye alikuwa na treni ya kumpandisha kaka yake na mahali inapoenda, tena pamelipiwa milioni 3. Mi nina miaka 55, sukari, goti moja bovu. Mama alifariki, Dada yuko Lushoto na wajukuu. Treni yangu inaenda wapi? Kuna shule kadhaa siku hizi zina vitengo vya watoto wenye usonji na walimu wake nawavulia kofia, lakini ni vya watoto, mtoto akishakua anarudi nyumbani, na baada ya hapo anakuwa mzee kama watu wote. Kwenye Aprili 2 kila mwaka, siku ya usonji duniani, mnaweka picha ya watoto wameshika maputo ya bluu. Mwaka kesho mkituma mpiga picha aje na Tanga aone mzee wa miaka 60, ndevu nyeupe, anapanga visoda. Mpiga picha asije na flashi tu.

Na yule mwandishi wenu akisoma hapa asinune, muvi aliyochagua ni nzuri, ila naomba arekebishe hiyo habari ya Kim Peek, na siku akiandika tena amtafute mtu mmoja mwenye usonji au ndugu yake aongee nae kwanza, tuko wengi, moja kwa 127. Kijana wa bodaboda nimeshamwambia anunue gazeti lenu la wiki ijayo, tafadhali msiniangushe.

Naishia hapo, saa mbili kasoro dakika tano, Kaka keshasimama mlangoni na taarifa ya habari ikianza redio haijawashwa itakuwa balaa.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga